Clement Gillman: Mhandisi wa reli aliyeisoma ardhi na maji kabla ya kutandika chuma

Mtaa wa Kinindo, ulioko kusini mwa jiji la Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, haujawahi kusikia honi ya gari moshi. Burundi nzima haijawahi kuwa na reli. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja sehemu ya bidhaa zilizolijenga jiji hilo imesafiri kwa reli, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha kwa meli kuelekea kaskazini hadi gati la Bujumbura.

Hali hiyo inaelekea kubadilika. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini na kampuni za China mkataba wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2 wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza, magharibi mwa Tanzania, hadi Musongati, kusini mashariki mwa Burundi, penye hazina kubwa ya madini ya nikeli. Agosti mwaka huohuo jiwe la msingi liliwekwa Musongati. Reli hiyo itakapokamilika, Burundi itahitaji wahandisi wake wa kuitunza, na kwa mara ya kwanza kijana wa Kinindo anayechagua masomo ya chuo kikuu anaweza kuitazama fani hiyo kama kazi ya kufanyia nyumbani.

Ni nini hasa ambacho mhandisi wa reli hulazimika kukijua? Jibu moja limo katika maisha ya Clement Gillman, aliyefariki mwaka 1946 baada ya kuishi Tanganyika kwa takriban miaka 40. Wapanda mlima wanalijua jina lake kwa sababu ukingo mmoja wa kreta ya Kilimanjaro huitwa Gillman's Point. Wachache wanajua kwamba mtu huyo alikuwa mhandisi wa Reli ya Kati, na kwamba aliandika kitabu kuhusu maji ya ziwa lilelile linalopiga mawimbi katika ufukwe wa Kinindo.

Kutoka Madrid hadi Zurich

Gillman alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1882. Baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mjerumani, na asili hiyo ya pande mbili ilikuja kuwa na uzito mkubwa katika maisha yake, kwani nchi aliyoifanya kuwa makazi yake ilitawaliwa kwanza na Wajerumani na baadaye na Waingereza.

Mwaka aliozaliwa ndio mwaka ambao reli ya Gotthard ilifunguliwa nchini Uswisi, ikipita katika handaki la urefu wa takriban kilomita 15 chini ya milima ya Alps. Uswisi ya enzi hizo ilikuwa shule ya wazi ya uhandisi wa reli. Milima mikali, mito ya barafu na mabonde membamba viliwalazimu wahandisi wake kuwaza sana kabla ya kuchimba.

Huko ndiko Gillman alikosomea uhandisi wa ujenzi, katika Chuo cha Ufundi cha Shirikisho mjini Zurich, kilichoanzishwa mwaka 1855. Chuo hicho kilikuwa na sifa mbili. Ya kwanza ilikuwa ustadi wa hesabu: profesa wake wa zamani, Carl Culmann, ndiye aliyebuni njia ya kukokotoa nguvu zinazobebwa na daraja kwa kuchora mistari kwenye karatasi, na njia hiyo ilienea duniani kote. Ya pili ilikuwa elimu ya miamba: mwanajiolojia mashuhuri Albert Heim alifundisha hapo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanafunzi wa reli mjini Zurich hakuweza kudhani kwamba mlima ni kizuizi tu kilichokaa kimya. Alifundishwa kuwa mwamba una umri na nyufa, na kwamba ndani yake mna maji.

Mwaka 1905, wakati wachimbaji wa handaki la Simplon, refu kuliko la Gotthard, walipokutana katikati ya mlima kati ya Uswisi na Italia, Gillman alikuwa na umri wa miaka 22. Mwaka huohuo alisafiri kwenda Afrika Mashariki ya Kijerumani kufanya kazi ya reli.

Reli kuelekea ziwani

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka huo wa 1905, chini ya mkandarasi Philipp Holzmann wa Frankfurt. Ilikuwa reli ya upana wa mita moja. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, umbali wa zaidi ya kilomita 1,250 kutoka pwani.

Kwa mwanafunzi wa leo, njia hiyo ni somo kamili. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, na ndiyo sababu gari moshi huvuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo. Lakini utelezi huohuo unalifanya lishindwe na mlima: mwinuko wa mita moja kwa kila mita 40 za njia, ambao dereva wa lori haujali, tayari ni mkali kwa gari moshi lenye mabehewa yaliyojaa. Kwa hiyo mhandisi hulitafuta bonde, kwa kuwa mto umekwisha kumkatia njia yenye mteremko wa taratibu.

Reli ya Kati ilifanya hivyo. Baada ya Kilosa ililifuata bonde la mto Mkondoa ili kupanda kwenda Gulwe na Dodoma. Mbele zaidi, karibu na Saranda, ililazimika kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Kisha ilikatiza uwanda mkavu wa Itigi hadi Tabora, ikavuka mto Malagarasi, ambao chimbuko lake liko Burundi, ikapita kwenye visima vya chumvi vya Uvinza, na hatimaye ikateremka hadi ziwani.

Kila kipande cha njia hiyo kilidai jambo lake. Bonde la mto huondoa tatizo la mwinuko lakini huleta la mafuriko. Katika uwanda mkavu mwinuko hauna shida, ila injini za mvuke hazina maji ya kunywa. Udongo mweusi wa mbugani huwa mgumu kama jiwe wakati wa kiangazi, kisha hulainika na kuhama mvua inaponyesha, ukayumbisha mataruma na vyuma vilivyo juu yake. Mambo hayo hayamo katika hesabu za daraja peke yake, na Gillman alijifunza kuyatazama akiwa bado kijana.

Jasho lisilo na majina

Historia ya reli hiyo haiwezi kuelezwa kwa majina ya wahandisi tu. Ilijengwa na maelfu ya Waafrika, wengi wao Wanyamwezi waliokuwa na desturi ndefu ya safari za misafara kati ya bara na pwani. Walikata miti, walichimba matuta, walibeba kokoto na kupigilia vyuma. Malaria na kuhara damu viliua wengi katika kambi za ujenzi.

Mwaka ambao Gillman aliwasili ndio mwaka ambao vita vya Maji Maji vilizuka kusini mwa koloni hilo, dhidi ya utawala uliowalazimisha watu kulima pamba na kufanya kazi bila hiari. Reli ilikuwa chombo cha utawala huohuo. Ilisafirisha askari kwa haraka, ilichukua mazao ya bara hadi pwani, na ilidhoofisha biashara ya wapagazi ambayo familia nyingi za Unyamwezi ziliitegemea.

Gillman mwenyewe alikuwa mtu wa utawala wa kikoloni, mtumishi wake kwa Wajerumani na baadaye kwa Waingereza. Jina lake liliwekwa kwenye ramani. Majina ya waliotandika mataruma hayakuwekwa popote.

Vita, na bendera mpya

Reli ilifika Kigoma miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilikuwa imewahi kufanya jambo moja la ajabu: vipande vya meli kubwa ya mvuke, Graf von Goetzen, vilivyofungwa katika masanduku nchini Ujerumani, vilipakuliwa Dar es Salaam, vikabebwa kwa reli na kuunganishwa Kigoma. Meli hiyo ilishushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Warundi wengi wanaikumbuka kwa sababu nyingine: mwaka 2015 iliwavusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliteka Kigoma na Tabora, na ya Uingereza yakashika sehemu kubwa ya njia iliyobaki. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja, na reli ilibidi ikarabatiwe kipande kwa kipande.

Baada ya vita, Ruanda-Urundi iliwekwa chini ya Ubelgiji na Tanganyika chini ya Uingereza. Kwa makubaliano ya mwaka 1921, Ubelgiji ilipewa maeneo maalumu ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Usumbura, jina la wakati huo la Bujumbura, ipite bila vikwazo. Hivyo mji usio na reli ulianza kuishi kwa kutegemea reli ya jirani.

Wajerumani wengi walifukuzwa Tanganyika, lakini Gillman, aliyekuwa raia wa Uingereza na aliyeijua njia hiyo tangu siku zake za mwanzo, aliendelea na kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Mhandisi Mkuu wa Shirika la Reli la Tanganyika.

Mhandisi aliyeutazama mto kabla ya daraja

Kipindi hicho kilikuwa cha kupanua reli. Njia ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Gillman alisimamia pia upimaji wa awali wa reli ya kufungua kusini magharibi mwa nchi, na ripoti yake ilitolewa mwaka 1929. Mdororo wa uchumi duniani ulifuata, reli haikujengwa, na eneo hilo lilingoja hadi miaka ya 1970 ilipojengwa TAZARA kwa msaada wa China.

Kazi iliyomzunguka kila siku ilikuwa ya matengenezo. Mvua zilipokuwa kubwa, maji yalikula matuta na kuzika vyuma kwa mchanga. Mhandisi anaweza kulijibu tatizo hilo kwa njia ya mkato: kujenga tuta jingine, kuongeza karavati, kungoja mvua ijayo. Gillman alilifuata tatizo hadi juu ya mto. Alitaka kujua mvua ilinyesha wapi, juu ya udongo gani, na watu na mifugo wa huko juu walikuwa wameiachaje ardhi. Kama miti imekatwa na majani yameliwa yakaisha, maji hayazami tena ardhini. Huteremka kwa kasi yakiwa yamebeba udongo, na reli iliyo bondeni ndiyo huyapokea.

Kwa njia hiyo kazi ya reli ilimfanya kuwa mwanajiografia. Mwaka 1936 alichapisha katika jarida la kijiografia la Marekani ramani ya watu wa Tanganyika, iliyoonyesha jinsi wakaaji walivyosongamana katika maeneo machache yenye maji ya uhakika, huku sehemu kubwa ya nchi ikibaki tupu kwa ukame na mbung'o. Kwa mpangaji wa reli, ramani ya namna hiyo ina maana ya moja kwa moja: gari moshi linalopita mahali pasipo na watu halina cha kubeba.

Kitabu cha ziwa

Kazi yake inayoigusa Bujumbura kwa karibu zaidi ilichapishwa mwaka 1933 na Idara ya Jiolojia ya Tanganyika. Ilihusu maji ya Ziwa Tanganyika: yanaingia kutoka wapi, yanatoka wapi, na kwa nini kina chake hupanda na kushuka.

Swali hilo lilikuwa la kale. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika upande wa kaskazini wa ziwa kuhakikisha kama mto Rusizi unaingia au unatoka, wakakuta unaingia. Jiwe la kumbukumbu ya safari yao limesimama Mugere, kusini mwa Bujumbura. Mlango pekee wa kutokea maji ni mto Lukuga, upande wa Kongo, nao uliwahi kuzibwa na mchanga na mimea. Ziwa lilijaa hadi katika miaka ya 1870 maji yakauvunja mzibo huo, kisha kina kikashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata.

Kwa mhandisi, hayo hayakuwa masimulizi ya wapelelezi tu. Reli inayoishia ziwani huishia kwenye gati, na gati hujengwa kwa kina fulani cha maji. Ziwa likishuka, meli hazifiki kwenye gati. Likipanda, maghala huogelea. Ziwa Tanganyika hupoteza maji yake mengi kwa jua, si kwa mto, kwa hiyo miaka michache ya mvua nyingi au ya ukame hubadilisha kina chake waziwazi. Mtu aliyepanga gati bila kujua hilo angekuwa amepanga hasara.

Wakazi wa Bujumbura wameyaona hayo kwa macho yao. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda na kufurika katika maeneo ya ufukweni, likaharibu nyumba na kusumbua shughuli za bandari. Mitaa kama Kinindo, iliyo baina ya milima na ziwa, hupokea maji kutoka pande mbili: mito inayoteremka kwa kasi kutoka vilimani, na ziwa linalopanda polepole kutoka magharibi.

Mlima, maji na miaka ya mwisho

Mwaka 1921 Gillman alipanda Kilimanjaro na kuufikia ukingo wa kreta ya Kibo, akaandika habari za safari hiyo katika jarida la kijiografia la London. Mahali hapo, penye kimo cha karibu mita 5,685, ndipo palipopewa jina lake. Wapandaji wa njia ya Marangu hufika hapo alfajiri, baada ya kukwea usiku kucha.

Alipoacha kazi ya reli katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, serikali ilimfanya mshauri wake wa mambo ya maji. Alizunguka nchi tena, safari hii akiyapima maji yenyewe badala ya njia ya kuyakwepa, na ripoti yake ya mwaka 1940 ilieleza hali ya maji ya Tanganyika nzima. Mwaka 1942 alichapisha historia fupi ya reli za Tanganyika, na baadaye historia ya ukuaji wa mji wa Dar es Salaam. Ramani yake kubwa ya aina za uoto wa nchi ilitolewa mwaka 1949, miaka mitatu baada ya kifo chake. Shajara alizoziandika kwa miaka mingi zimehifadhiwa Oxford, Uingereza.

Somo kwa reli ijayo

Miaka mingi baada ya Gillman kufariki, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, katika bonde lilelile la Mkondoa, na safari zikasimama kwa miezi. Tatizo alilolifuata hadi juu ya mto lilikuwa bado lipo.

Reli ya Uvinza hadi Musongati italazimika kuvuka bonde la Malagarasi, kisha kupanda kutoka nyanda za Tanzania hadi milima ya Burundi, nchi yenye miteremko mikali, mvua nyingi na mashamba yaliyolimwa hadi kileleni. Huko mwinuko, udongo na maji vitakutana katika kila kilomita.

Vijana wanaotaka kuisomea kazi hiyo hawalazimiki tena kwenda Zurich. Chuo Kikuu cha Addis Ababa kina kituo cha Kiafrika cha umahiri wa reli kinachotoa shahada za juu, na nchini Tanzania kuna mafunzo ya reli katika vyuo vya Dar es Salaam na Tabora. Watafundishwa umeme, mawasiliano ya ishara na kompyuta, mambo ambayo Gillman hakuyajua. Lakini mvua itaendelea kunyesha juu ya vilima vya Burundi, nayo itateremka kuelekea kwenye njia ya reli. Itakapoisomba kwa mara ya kwanza, patahitajika mtu wa hapohapo anayejua ilikotoka, mwenye kukaa na reli hiyo hata baada ya mkandarasi kufunga virago.